Kishikio cha shokapu ya mlango wa nyuma kimelegea kwenye Land Cruiser 60: kukikarabati nyumbani

SWALI: Ndugu fundi, salaam. Nina Land Cruiser 60 ya mwaka 1987, ile ambayo mlango wa nyuma umegawanyika: nusu ya juu yenye kioo inapanda, ya chini inalala. Ya juu inashikiliwa na shokapu mbili za gesi. Upande wa kulia, pini yenye kichwa cha duara inayoshika shokapu kwenye nguzo ya bodi inacheza. Nikiikaza inazunguka tu, na tundu lake limepanuka upande mmoja. Ya kushoto bado imara, ila kutu imeanza. Mlango umeshaniangukia mgongoni mara mbili. Fundi wa mtaani kwetu anataka kuichomelea pini moja kwa moja kwenye bati. Nina drili, grainda ndogo, tupa na spana za kawaida. Je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza, na vifaa ulivyonavyo karibu vinatosha. Ila usikubali pini ichomelewe kwenye bati. Bati la bodi ni jembamba, milimita moja hivi au pungufu. Moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya upande wa ndani, ambako brashi haifiki, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu itaanzia hapohapo. Pia nguvu yote ya shokapu itaendelea kubebwa na eneo dogo lilelile, kwa hiyo bati litachanika pembeni ya mshono. Na siku kichwa cha pini kikiisha, utailaza grainda pale pale ulipochomelea.

Shokapu za mlango kama huu husukuma kwa nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Soma ubavuni mwa shokapu: ukikuta 350N, maana yake ni newtoni 350, sawa na uzito wa kilo 35 hivi unaoegemea pini ile moja. Na inasukuma saa zote, mlango ukiwa wazi au umefungwa. Gari likipita barabara ya matuta, pini inatikiswa huku imebanwa. Bolti ikilegea kidogo tu, tundu linaanza kulika, kisha uzi wa nati iliyochomelewa nyuma ya bati unakatika au nati yenyewe inaachia.

Kabla ya kugusa tundu hilo la kulia, chunguza shokapu ya kushoto. Mara nyingi upande uliong'oka ndio wenye shokapu nzima. Ile ya pili imekufa siku nyingi, na nzima ikabeba mlango peke yake huku ikiupinda. Kuipima ni rahisi: ivue, simamisha fimbo yake chini juu ya ubao, kandamiza kwa mikono miwili. Nzima itakulazimu uilalie kwa kifua. Iliyokufa inaingia kwa mkono mmoja na kurudi polepole, au hairudi. Fimbo yenye mafuta nje nayo imeisha, hata kama bado inasukuma.

Kabla ya kuvua chochote, tegemeza mlango kwa gongo la mbao lililokatwa kwa kipimo, lenye kitambaa nchani, na uwe na msaidizi. Gongo moja la kuegesha tu halitoshi. Lifunge kwa kamba lisiteleze. Kisha inua kibanio cha chuma kilicho kwenye mdomo wa shokapu kwa bisibisi bapa, milimita chache tu bila kuking'oa, na uvute shokapu itoke kwenye kichwa cha pini. Shokapu ina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa. Usiitoboe, usiichomelee, usiitupe motoni.

Shokapu zikiwa chini, shika mlango pembeni uutikise juu na chini. Kama bawaba zinacheza, zishughulikie kwanza, la sivyo mlango utaendelea kwenda upande na kuzivuta pini upya. Baada ya hapo fungua pambo la ndani la nguzo na umulike nyuma ya tundu kwa tochi. Ukiona bati ni zima na uzi peke yake ndio umekufa, kazi ni ndogo. Bati likiwa limepanuka au limepasuka nyufa fupi, utahitaji pleti ya nyuma. Bati lililooza kwa kutu, linalobonyea ukiligusa kwa ncha ya bisibisi, halishiki kitu chochote. Hilo lazima likatwe na kubandikwa jipya. Kwa maelezo yako, wewe uko kwenye hali ya pili.

Pima pini yenyewe. Magari haya yalitengenezwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1990 na mengi yamepita mikono mingi, kwa hiyo usinunue kitu kwa kukisia. Kwenye bolti za Toyota, uzi wa milimita 8 huwa na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25, na kichwa chake hushikwa kwa spana ya 12. Bolti za 8 za madukani mara nyingi huchukua spana ya 13. Ukikuta 13, ujue kuna aliyekutangulia. Chukua nati mpya ya 8 kwa 1.25 uipitishe kwa vidole kwenye uzi wa pini. Ikiingia mpaka mwisho bila kukwama, umepata kipimo. Uzi wa pini ukiwa umebapa, pini hiyo itupe. Pima pia kipenyo cha kichwa cha duara, ambacho mara nyingi ni milimita 10. Kikiwa kimelika upande mmoja, mdomo wa shokapu mpya utacheza siku ya kwanza.

Sasa pleti. Tafuta chuma bapa chenye unene wa milimita 6, ukate kipande cha milimita 60 kwa 40, au kikubwa kadiri nafasi ya ndani ya nguzo inavyoruhusu. Unene huo una sababu: kwenye milimita 6 unapata karibu nyuzi tano za hatua ya 1.25, na hizo zinatosha kushika. Kwenye pleti ya milimita 3 utapata mbili tu, na zitakatika kama zile za zamani. Kama una pleti ya 3 pekee, mpe mchomeleaji aichomelee nati nyuma yake mezani, mbali na gari. Hapo kuchomelea hakuna madhara.

Toboa tundu la kati kwa keekee ya milimita 6.8, halafu chonga uzi kwa tepu ya 8 kwa 1.25. Tia mafuta, zungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili vumbi la chuma likatike. Tepu ikilazimishwa hukatikia ndani, na ni ngumu mno kuitoboa. Pembeni, kila upande milimita 20 kutoka kati, toboa tundu la milimita 5 na uchonge uzi wa 6 kwa 1.0. Haya mawili ni ya skrubu za kichwa bapa zinazopita kwenye bati, ambalo nalo utalitoboa matundu mawili yanayolingana, na kuizuia pleti isizunguke. Duru pembe zote kwa tupa: pembe kali ikikandamizwa kwenye bati jembamba inaanzisha ufa mpya.

Rudi kwenye nguzo. Nati ya zamani iliyolegea itoe kabisa, maana ikibaki itaizuia pleti isilale sawa. Saga vidoa vya kuchomelea vilivyoishika mpaka idondoke, bila kula bati. Penye ufa, toboa tundu la milimita 3 mwishoni kabisa mwa ufa ili usiendelee. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, osha, kausha vizuri. Kisha praima ya epoksi mara mbili, pande zote unazozifikia, na pleti nayo uipake yote. Usiweke pati ya bodi chini ya pini kujaza tundu lililopanuka. Pati husagika ikibanwa, bolti inalegea, na kazi inarudi mwanzo. Tundu likiwa limezidi milimita 10, weka pia washa nene ya chuma upande wa nje, yenye kipenyo cha milimita 25 au 30, ili bati libanwe kati ya vyuma viwili.

Kuiingiza pleti ndani ya nguzo ndiko kunakochosha. Funga waya mwembamba kwenye bolti ndefu ya 8 iliyoingizwa kwenye pleti nyuzi mbili tatu, pitisha waya kutoka ndani hadi nje kupitia tundu la pini, ingiza pleti kwa njia ya pambo, kisha vuta waya mpaka bolti itokeze nje. Kama matundu ya kiwandani ni madogo kuliko pleti, ifanye nyembamba na ndefu badala ya kuipunguza pande zote. Ikishindikana kabisa, toboa tundu la milimita 30 upande wa ndani unaofunikwa na pambo, ulipake rangi ukingoni, baadaye uzibe kwa kizibo cha mpira. Usitoboe kabla ya kuona nyaya za umeme zinapita wapi, na toa waya hasi wa betri.

Pleti ikikaa mahali pake, paka silanti ya polyurethane kati yake na bati. Kama pini iko nje ya mpira wa mlango, maji ya mvua huingia kupitia tundu lake moja kwa moja ndani ya nguzo, na kutu yako ya upande wa kushoto huenda imeanzia hapo. Funga skrubu mbili za 6 kwanza, kisha pini, ukiwa umeitia gundi ya uzi ya nguvu ya kati. Ile ya nguvu kubwa iache, haifunguki bila moto. Kaza pini kwa newtonimita 20 na skrubu kwa 8. Iache silanti ikauke siku nzima kabla ya kurudisha shokapu.

Nati za kubana kama ribiti sizipendekezi hapa. Zinashika bati jembamba tu, na pini hii inasukumwa kwa ubavu na kutikiswa. Zitazunguka ndani ya tundu mapema. Upande wa kushoto ufanyie kazi hiyohiyo sasa ukiwa umeshafungua mapambo, hata kama bado umekaza.

Shokapu nunua mbili, pea moja, za nguvu sawa. Kishawishi kikubwa ni kuchukua zenye nguvu zaidi ili mlango upande haraka. Hizo ndizo zinazong'oa vishikio na kuupinda mlango wenye kioo. Kama namba za asili zimefutika, piga hesabu mlango ukiwa wazi: uzito wa mlango kwa newtoni, mara umbali wa mlalo kutoka bawaba hadi katikati ya uzito, gawanya kwa mara mbili ya umbali wa kutoka bawaba hadi mstari wa shokapu, uliopimwa kwa pembe mraba. Kwa mfano, mlango wa kilo 16 ni newtoni 160. Umbali wa kwanza sentimita 40, wa pili 12. Unapata 267 kwa kila shokapu. Ongeza asilimia 15 hadi 20, chukua ya 310 au 320. Joto nalo lina sehemu yake: kila nyuzi 10 za selsiasi huongeza nguvu ya gesi kwa asilimia tatu na nusu hivi, kwa hiyo usiipime shokapu mchana wa jua kali ukadhani ndiyo nguvu yake ya alfajiri.

Zifunge fimbo ikiangalia chini mlango unapokuwa umefungwa, ili mafuta kidogo yaliyomo yaloweshe sili. Tia grisi kidogo ndani ya mdomo. Halafu ushushe mlango taratibu kwa mkono mara ya kwanza, msaidizi akichungulia kutoka ndani: mlango ukikaribia kufunga, fimbo lazima ibaki na milimita 5 hadi 10 za kuingia. Ikifika mwisho kabla mlango haujafunga, shokapu ni ndefu mno. Usiulazimishe, kwa kuwa kitakachopasuka ni kioo. Tazama pia nafasi kati ya mlango na bodi kulia na kushoto. Baada ya wiki mbili za kutembea kwenye vumbi na matuta, shika kila pini kwa vidole. Ikicheza hata kidogo, fungua, safisha uzi, tia gundi upya, kaza tena kwa kipimo kilekile.