Kupanga data kwa safu zaidi ya moja kwenye R: ielewe order() kwanza

Mkuu, umeuliza namna ya kupanga jedwali la mavuno kwenye R, programu ya takwimu, ili wilaya zifuatane kialfabeti, na ndani ya kila wilaya mkulima mwenye kilo nyingi akae juu. Mstari mmoja unatosha:

data <- data[order(data$wilaya, -data$kilo), ]

Usiunakili tu ukaondoka, maana kuna kosa nililolifanya kwenye data ya tasnifu yangu na sitaki likupate. Nilichukua sort(), inayopanga thamani zenyewe, nikapanga safu ya kilo peke yake, nikairudisha kwenye jedwali. R haikulalamika, kwa kuwa idadi ya mistari ilikuwa ileile. Kumbe majina yamebaki palepale na kilo zimehama, mavuno ya huyu yako kwa yule. Nilishtuka nilipoona mkulima wa nusu eka anaongoza kijiji kizima. Kazi ya wiki mbili niliirudia yote.

order() yenyewe haihamishi kitu, inakupa nafasi tu. Andika order(c(30, 10, 20)) utapata 2 3 1, yaani anza na wa pili, kisha wa tatu, halafu wa kwanza. Nafasi hizo ukiziweka kwenye mabano ya mraba kabla ya mkato, mistari inahama mizima, kila mkulima na kilo zake. Usiusahau mkato huo: bila huo R inaona unachagua safu, si mistari. Safu ya pili inaangaliwa pale tu ya kwanza inapofungana, kama mwalimu anavyotenganisha wanafunzi wenye jumla sawa kwa alama ya hisabati.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya data$kilo ndiyo inayofanya kilo nyingi zikae juu, ila inafanya kazi kwa nambari tu. Ukitaka wilaya zianzie Z kwenda A, andika -xtfrm(data$wilaya); xtfrm() inayapa maneno nambari za mpangilio.

Wengi watakuambia utumie dplyr, kifurushi cha nyongeza cha R: arrange(data, wilaya, desc(kilo)). Nami ndiyo naitumia kila siku, inasomeka vizuri. Ila tangu toleo la 1.1.0 la mwaka 2023, herufi kubwa zote zinatangulia ndogo, kwa hiyo "babati" itakaa chini ya "Temeke". Sawazisha tahajia kabla ya kupanga.

Kingine kinachosumbua sana kwenye data zetu za dodoso: kilo zilizoingizwa kama "1,200" R inaweza kuzisoma kama maneno. Hapo "1,200" itatangulia "900", na alama ya kutoa itakataliwa. Safisha kwanza:

data$kilo <- as.numeric(gsub(",", "", data$kilo))

Waliokosa jibu, wale wa NA, wanakwenda mwisho wa wilaya yao hata ukipanga kwa kushuka. Ukitaka uwaone mwanzo ili uwafuatilie, ongeza na.last = FALSE ndani ya order().

Weka hapa matokeo ya str(data), amri inayoonyesha aina ya kila safu. Kama mbele ya kilo kumeandikwa chr, yaani maneno, tutaanzia hapo.