Gari la Mama limekataa kuwaka, nami niko mbali

SWALI: Mama yangu anaishi Ahero, mimi nafanya kazi Nakuru. Gari lake dogo la otomatiki hutoka Jumapili kwenda kanisani na siku ya soko, basi. Leo asubuhi amenipigia: "Gari limekataa." Fundi wa karibu anasema stata imekufa, inunuliwe nyingine. Nitajuaje ukweli kutoka huku? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, isinunuliwe kabla hujalisikia gari lenyewe. Mwombe Mama aweke simu kwenye spika, ailaze juu ya dashibodi, gia iwe P, kisha azungushe ufunguo sekunde tatu na kuuachilia. Asieleze kitu. Wewe sikiliza.

Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, umeme unaoifikia stata ni mdogo: sumaku yake inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Ukisikia "ta!" moja nzito kisha kimya, na taa zimebaki angavu, hapo stata inashukiwa kwa haki. Kukiwa kimya kabisa, asogeze gia hadi N ajaribu tena, kwa sababu swichi ya gia ikichakaa gari halijui kwamba liko P. Na injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, betri na stata ni nzima. Uliza petroli imebaki kiasi gani na kama gari limeegeshwa mteremkoni, na kama kuna taa ya ufunguo inayomwekamweka kwenye dashibodi, dalili kwamba huenda gari halijautambua ufunguo.

Gari linalotoka mara mbili kwa wiki, mimi naitilia shaka betri kwanza. Mama awashe taa kubwa gari likiwa limeelekea ukutani, kisha azungushe ufunguo. Mwanga ukififia karibu kuzimika, huenda ugonjwa uko kwenye betri au tamino zake, yaani vishikio vya nyaya juu ya betri. Azime kila kitu, afungue boneti, na umuulize mambo mawili tu. Kuna unga mweupe au wa kijani shingoni mwa tamino? Akiishika kwa kitambaa kikavu na kuizungusha, inacheza? Haitakiwi kucheza hata kidogo. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, na tamino chafu hupitisha umeme wa kutosha taa za dashibodi lakini si wa stata. Ndiyo maana "lakini taa zinawaka" si ushahidi kwamba betri ni nzima.

Kusafisha awaachie vijana wa jirani wenye spana namba 10, kwani unga huo huunguza ngozi na macho. Wafungue hasi kwanza, ndipo chanya. Wamwagie tamino maji ya moto, wasugue kwa msasa mpaka risasi ing'ae, wakaushe. Wakirudisha, chanya hutangulia na hasi hufuata. Ukianza na chanya huku hasi imefungwa, spana ikigusa bodi hutoa cheche kubwa, na betri hutoa gesi inayoshika moto.

Bado halijawaka? Majirani watajitolea kusukuma. Washukuruni, lakini otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Tumieni nyaya za jampa: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya Mama, mbali na betri. Gari la jirani lingurume dakika tano, ndipo Mama ajaribu.

Likiwaka, apeleke kwa mwenye mita. Injini ikinguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, shida ni altaneta, mashine inayoichaji betri, au mkanda wake, na hata betri mpya itakufa. Gari likiwa limelala usiku mzima, 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki nusu. Na kwa huyo fundi wa stata, mwombe jambo moja: apime betri wakati ufunguo umezungushwa. Ikishuka chini ya 9.6, stata isihukumiwe bado. Betri ndiyo ya kushukiwa kwanza. Joto la uwanda wa Kano, iliko Ahero, huzichosha betri mapema. Mkinunua mpya, angalieni herufi za aina ya betri: NS60 na NS60L zimepishana upande wa chanya, na nyaya huenda zisifike.

SWALI: Kaka yangu akipanda kutoka Ahero kwenda Kericho, mshale wa joto hupanda na mvuke hutoka. Akinipigia nimwambie nini? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwanza azime kiyoyozi, afungulie hita hadi mwisho na feni yake, atafute pa kusimama salama, azime injini. Kifuniko cha rejeta, tangi la kupoza maji ya injini, asikiguse kwa angalau nusu saa. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 93. Kifuniko ndicho hushikilia presha ili yasichemke. Mpira wake ukichakaa, mlima utamuumbua dereva. Hicho kibadilishwe kwanza, ni cha bei nafuu.

Muulize: mshale umeshuka ghafla huku mvuke ukitoka? Huo si unafuu. Maji yamekwisha na kipimo hakiyagusi tena, asiliwashe. Injini ikipoa, ajaze maji polepole, kwani maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua hedi, sehemu ya juu ya injini. Kisha achomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi, kizibo kati ya hedi na injini, imeshapitisha maji, na gari livutwe hadi gereji.