Kwa nini Joe hakumfuata Kirsten: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, umeuliza kwa nini mwishoni mwa filamu ya Days of Wine and Roses (ile ya 1962) Joe anamwacha mkewe Kirsten aondoke usiku, na kama huo ni upendo kweli. Nimelelewa na baba mdogo na mama mdogo waliokuwa wanakunywa wote wawili, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Rudi mwanzoni kwanza. Kirsten hakuwa mnywaji, yeye alipenda chokoleti. Ni Joe, afisa uhusiano pale San Francisco, aliyemwagizia Brandy Alexander, kinywaji chenye pombe, kwa sababu ina ladha hiyohiyo. Baadaye wamepata mtoto, mama ananyonyesha na kinywaji kakiweka pembeni, Joe anarudi kalewa na kulalamika kwamba nyumba imepooza. Kirsten anakubali, anakunywa ili mumewe asikae peke yake. Wengi wanakumbuka Joe akivunja vyungu kwenye kitalu cha baba mkwe akitafuta chupa aliyoificha, na kweli Jack Lemmon, anayemwigiza Joe, pale anatisha. Lakini kinachoniuma mimi ni kule kukubali kwa Kirsten.

Kwetu ilikuwa vilevile. Baba mdogo ndiye aliyeanza kuleta chupa nyumbani. Mama mdogo alikuwa anamimina yake kwenye kikombe cha bati, anafunika na kisahani kama chai, na watoto wote tunajua. Wakishakunywa walicheka, wakaitana majina ya uchumba. Asubuhi hawakuwa na la kuambiana.

Baba mdogo alipoacha, akawa anahudhuria mikutano ya AA (kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe), ndipo vita vilipoanza. Mama mdogo alimwambia, "Umejifanya mtakatifu, umenitupa." Jioni nyingine baba mdogo alimwonea huruma, akaketi naye "kidogo tu". Akarudi kulekule. Ndiyo sababu ile sehemu ya moteli siwezi kuitazama hadi mwisho: Joe anamfuata mkewe ili amsaidie, anaishia kunywa naye, kisha anavunja duka la pombe.

Sasa mwisho wake. Kirsten amejikaza siku mbili bila kunywa ili aje aombe kurudi, lakini hawezi kukubali kuacha moja kwa moja. Mtoto wao Debbie amelala chumbani. Joe anamwambia wazi kwamba ndoa yao ilikuwa ya watu watatu, wao wawili na pombe. Bado anampenda, uso wake wote unasema hivyo. Ila safari hii akimfuata, Debbie anabaki bila mzazi hata mmoja. Baba mdogo naye aliamua hivyo, na sisi tukamaliza shule. Mama mdogo aliacha miaka mingi baadaye, akiwa kwao, kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kama umeuliza kwa sababu yanakugusa nyumbani, tafuta Al-Anon. Ni ya ndugu na wenzi wa wanywaji, si lazima mnywaji mwenyewe akubali ndipo wewe uende.