Likizo Uliyokwisha Kupanga, Itaje Kabla ya Kusaini

Ukipigiwa simu kuambiwa umepata kazi, swali linalofuata ni "Unaweza kuripoti lini?" Hapa Nairobi, tunavyoijua shida ya kutafuta kazi, wengi hujibu "hata Jumatatu" kabla ya kuvuta pumzi. Nimehama kazi zaidi ya mara moja, Upper Hill hadi Westlands na baadaye Barabara ya Mombasa, na hilo ndilo swali ninalolijibu polepole kuliko yote.

Mara ya mwisho barua ya ajira ilinijia Aprili. Agosti, shule zikifungwa, tulikuwa tunakwenda Diani na watoto na mama mkwe, na arbuni ya nyumba ilikwisha kulipwa. Sikuitaja safari hiyo kwenye usaili. Pale bado unapimwa, na anayeulizia likizo mapema huonekana amechoka kabla ya kuanza. Kungoja mpaka umeshasaini nako ni kujifunga mikono. Wakati wake ni siku zile chache kati ya barua na saini: wameshakuchagua, na hakuna meneja anayetamani kurudia usaili.

Niliandika hivi: "Nashukuru kwa nafasi hii. Nina safari ya familia iliyokwisha kulipiwa wiki ya pili ya Agosti. Naomba siku hizo tano za kazi zitajwe kwenye barua kabla sijatia saini." Basi. Sikutafuta mgonjwa wala harusi ya kusingizia. Sisi tuna mashangazi waliozikwa mara nne kwa ajili ya ruhusa ya Ijumaa.

HR walinijibu kwa hesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi zenye malipo kamili baada ya kila miezi 12, yaani siku 1.75 kwa mwezi. Nikianza Juni, kufikia mwanzo wa Agosti ningekuwa na siku tatu na nusu tu. Walikuwa na haki. Nikakubali zilizopungua ziwe likizo bila malipo, ila yote yaandikwe. Julai meneja aliyekuwa amenikubalia alihamishiwa idara nyingine, na aliyekuja hakuwa na habari yoyote. Nilimtumia ile barua, mjadala ukaishia hapo. Kumbuka pia kwamba kipindi cha majaribio kinaweza kufika miezi sita, na ndani yake notisi ya siku saba inatosha kukuachisha kazi. Kwenda kuomba likizo wakati huo bila karatasi mkononi kunahitaji moyo.

Halafu kuna zile siku za katikati, baada ya kutoka kazi moja na kabla ya kuingia nyingine. Zitengeneze mwenyewe, maana hakuna atakayekupa. Kwa anayelipwa kila mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28 kwa maandishi; mikataba mingi hudai zaidi, kwa hiyo soma wako kabla ya kutaja tarehe ya kuripoti. Siku za likizo ulizobakiza ziulizie mapema: utalipwa, au mwajiri atakubali uzitumie ndani ya notisi? Mimi nilijiwekea wiki ya mwisho ya Mei. Bosi mpya akaniomba nipitie Jumamosi "kidogo tu, ujuane na timu." Nilimjibu kwa upole kwamba tutajuana baada ya Sikukuu ya Madaraka, Juni mosi. Hakukasirika, na hata angekasirika, ningependa kulijua hilo mapema.

Kazi ya zamani nayo hukufuata. Niliacha faili ya makabidhiano yenye kila kitu, nikamwambia aliyebaki aniandikie barua pepe, nami nitajibu mara moja kwa siku, jioni. Simu sikupokea.

Pesa ndizo huwatoa watu likizoni mapema. Ukiripoti katikati ya mwezi, huenda mshahara wa kwanza ukawa nusu, au ukasukumwa hadi mwezi unaofuata. Bima ya hospitali ya kampuni nayo mara nyingi hukoma siku unayotoka, kwa hiyo uliza tarehe kamili, hasa ukiwa na watoto. Na kama una mkopo wa Sacco unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, nenda ukaongee nao kabla ya kupeleka barua ya kujiuzulu. Mwezi usiokatwa huhesabiwa kama hujalipa, na wadhamini wako ndio watakaopigiwa simu, wewe ukiwa Diani.