Go haitazamwi kama mpira

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Go, mchezo wa bodi ambao wawili huweka mawe meusi na meupe kwa zamu kugombea eneo, niliumalizia kwenye kochi. Kila usiku video mbili tatu, mchambuzi anaeleza vizuri, mimi naitikia kwa kichwa: ahaa, kumbe! Nikiingia kucheza nachapwa na mtu aliyeanza mwezi uliopita. Nilikuwa kyu 20, yaani daraja la wanaoanza, na nikabaki kyu 20. Siku moja intaneti ikakatika katikati ya video, bodi ikaganda kwenye skrini, nikajaribu kubahatisha jiwe linalofuata litawekwa wapi. Sikuwa na hata wazo moja. Nusu saa nzima nilikuwa nameza majibu ya maswali ambayo sikuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo wewe unayeanza, jifunze kusimamisha video. Mchezaji anapofikiri, simamisha, chagua sehemu yako, iandike, ndipo uendelee. Waliokulia pembeni ya bao la barazani wanaijua tabia hii: mtazamaji huropoka "cheza ile!" kabla mwenye zamu hajagusa kete. Ni vilevile, ila kimyakimya na kwa kalamu. Usifanye kwa kila jiwe, utachoka. Bodi kamili ina makutano 361 na mechi hupita mawe 200 kirahisi. Chagua sehemu kumi tu. Mimi mwanzoni nilikuwa napatia moja kati ya kumi, na hiyo moja ilikuwa atari, yaani jiwe lililobakiza pumzi moja kabla ya kutekwa, ambayo hata mtoto angeiona. Kama kumi ni nyingi, tafuta mechi za bodi ya 9 kwa 9.

Ukiona uko tayari kwa bodi kubwa, tazama mechi za Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, na AlphaGo, programu ya kompyuta ya Google DeepMind, Seoul, Machi 2016. Zote tano ziko YouTube, na maelezo ya Kiingereza yanatolewa na Michael Redmond, Mmarekani mwenye dan 9, daraja la juu kabisa la wachezaji wa kulipwa, anayecheza Japani. Usitazame vipande vilivyokatwa, tazama mechi nzima. Kwenye mechi ya pili, jiwe la 37, mashine inaweka jiwe jeusi kwenye mstari wa tano kutoka ukingoni, juu sana kuliko mazoea. Lee wakati huo ametoka kuvuta sigara. Redmond mwenyewe anababaika. Lee anarudi, anakaa, anafikiri zaidi ya dakika 12. Vipande vifupi huziruka dakika hizo, nami naona ndizo zenye somo: dan 9 wawili wanalitazama jiwe moja na hawana uhakika. AlphaGo yenyewe ilikadiria kuwa uwezekano wa binadamu kucheza hapo ni 1 kati ya 10,000, basi usione aibu ukikosa. Mechi ya nne nenda hadi jiwe la 78, Lee anapopiga kabari katikati ya mawe meusi. Simamisha kabla yake. Kaa hapo robo saa. Hiyo ndiyo mechi pekee aliyoshinda kati ya tano.

KataGo, programu ya kompyuta ya kuchambua mechi, ni ya bure na itakujibu kila kitu, ndiyo maana nasema iwe ya mwisho. Andika kwanza ulichodhani na sababu yake. Na asilimia ya ushindi inayokuonyesha ikishuka kutoka 62 hadi 55, kwa kyu 20 huo si msiba. Mechi zako zinaamuliwa na kundi la mawe 15 kufa kwa kukosa macho mawili, yaani nafasi mbili tupu za ndani zinazolizuia kundi lisitekwe.

Ukileta swali kwa wenzako, taja dakika ya video, namba ya jiwe, sehemu uliyoichagua wewe na sababu. "Hapa kwa nini?" haijibiwi, na anayeijibu anakisia tu unachouliza. Halafu angalia herufi zinazotaja mistari ya bodi: baada ya H inakuja J, maana I inarukwa. Mimi nilibishana na mtu siku nzima juu ya jiwe moja, yeye akisema linaokoa kona, mimi nikisema ni upuuzi mtupu, mpaka akatuma picha ya bodi. Nilikuwa nimeihesabu I, kwa hiyo kila nilichokuwa nakipinga kilikuwa kwenye mstari wa jirani.