Uliniuliza Tumbo na Homa Vinahusianaje

Mwanangu Baraka,

Jumapili uliniuliza kwa simu: "Mama, homa ni ya pua na kifua, mbona daktari ameniuliza nakula nini?" Ukaongeza kwamba umeugua mara tatu tangu Januari, na kila mara ulipitia duka la dawa pale steji ukauziwa antibayotiki. Nilikuwa natoka kanisani, sikukujibu vizuri.

Daktari hakukosea. Seli nyingi za kinga ya mwili zimekaa kwenye utumbo. Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya seli, na mbele yake hupita chakula, uchafu wa mikono yetu na bakteria wasiohesabika. Kinga lazima ijue yupi wa kupigwa na yupi wa kuachwa, na hao bakteria wazuri ndio wanaoifunza tangu utotoni. Maharagwe, ndengu na managu vina nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti, ambayo hulisha seli za ule ukuta na kuituliza kinga isije ikaushambulia mwili wenyewe. Ukishinda na chipsi na smokie, unawalaza njaa.

Upande wa pili niliuona nikiwa nesi, miaka ya 1990. Wagonjwa wa Ukimwi waliharisha miezi na miezi, nasi tukibadilisha shuka tukidhani tumbo ni jambo la pembeni. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba virusi vya Ukimwi huangamiza seli za CD4 za utumbo, zile zinazoongoza kinga, mapema sana, wiki za kwanza, mtu hata hajajua ameambukizwa. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kinga iliyosalia huchoka kwa kupigana usiku na mchana. Zile shuka sijazisahau.

Ndiyo maana hizo antibayotiki zinaniuma. Mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo haivigusi. Inaua bakteria wako wa tumboni bure. Sisemi ndizo zilizokuletea homa ya tatu. Lakini ulipokuwa mdogo mimi mwenyewe nilikunywesha kila ulipokohoa, nami nesi. Nisamehe, mwanangu.

Rudi kwa daktari ajue kwa nini unaugua hivyo, na akikuandikia antibayotiki yeye, umalize dozi kama alivyosema. Steji pita moja kwa moja. Jumamosi nitapitia Marikiti nikuletee ndengu, kunde na managu, na mala, yale maziwa ya kuchachuka, pakiti mbili. Uji wa kuchachusha pia nitakupikia, ila bakteria wake hufa jikoni, kwa hiyo usiuhesabu badala ya mala.

Acha ufunguo kwa jirani.

Mama yako