Maswali yenu: Kadi ya grafiki kwa kompyuta nyembamba ya mezani

Mashine nyembamba za ofisi zinazotoka Ulaya, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za miaka ya 2013 hadi 2015, zimeenea Malindi na Lamu. Ni imara na ninazipenda. Ila zilitengenezwa kwa kazi ya karani, na mwenye nayo hufika siku akataka kuiongezea kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini. Nayajibu maswali yenu kwa zamu.

Nina OptiPlex 9020 nyembamba, i5, RAM GB 8. Rafiki yangu wa Mombasa ananiuzia GTX 1060 kwa bei nzuri. Niichukue? (Kijana wa Barani, Malindi)

Usiichukue, ndugu yangu, hata kama ni nzima. Kadi hiyo inakula wati 120 na inataka waya wake wa umeme wa pini 6. Pawa saplai yako ni ya wati 255 kwa mashine nzima, na waya huo haina. Fundi akikwambia atavuta umeme kutoka waya wa diski, kataa. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo, na plastiki ikianza kuyeyuka ndani ya kasha hujui mpaka usikie harufu. Kubadilisha pawa saplai nako ni taabu, kwa sababu ya Dell ina umbo lake na ile ya kawaida ya dukani haiingii.

Tafuta kadi inayotosheka na umeme wa sloti, yaani ule mfereji wa madabodi inapochomekwa kadi. Sloti ndefu ya PCIe x16, kwa kanuni yake, hutoa hadi wati 75, ingawa baadhi ya watengenezaji wameweka kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo soma kitabu cha mashine. Kadi iwe ya nusu kimo, yaani bati lake la nyuma liwe na sentimita 8 hivi, si 12. Kisha fungua kasha utazame nafasi: katika Dell nyingi nyembamba sloti hiyo imebanwa na pawa saplai, na kadi nene ya sloti mbili haikai.

Mimi ningetafuta Quadro P1000 ya mtumba, wati 47, au T1000, wati 50. Ukiimudu T1000 ichukue hiyo, maana NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, walitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za kizazi cha Pascal, P1000 ikiwemo, zitaachwa nje ya draiva (programu inayoiendesha kadi) mpya za kawaida na kubakiziwa marekebisho ya usalama tu. Zote mbili zina matundu ya mini DisplayPort, basi ulizia adapta ya monita yako kabla ya kulipa. Ulizia na lile bati fupi. Ukipewa refu, kasha halifungiki.

Yangu ni ndogo kabisa, kama kitabu, inatumia chaja ya nje kama ya laptopu. Naweza kuiwekea kadi? (Msomaji wa Watamu)

Hizo ndogo za miaka ile hazina sloti ya kadi. Iongezee RAM, vijiti viwili vinavyolingana, kwani grafiki ya ndani huazima RAM hiyo hiyo na vijiti viwili huipa njia pana zaidi. Hapo umefika mwisho wake.

Natengeneza video za harusi hapa Langoni kwa EliteDesk 800 G1 ya i7. Kutoa video moja kunachukua usiku kucha. Nimeambiwa GT 1030 itanitosha. (Dada mwenye studio, Lamu)

Dada, GT 1030 haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili la mwisho. Wakati wa kutoa kazi yako, kadi itakaa tu, na prosesa itaendelea kuhangaika peke yake. Na sehemu hiyo tayari unayo: ndani ya i7 yako mna Quick Sync ya Intel, huenda haijawashwa. Ingia kwenye mipangilio ya kutoa video, uichague, ujaribu na kipande kifupi. Haikugharimu hata shilingi.

Halafu angalia kamera yako inarekodi kwa mfumo gani. Kamera na simu nyingi za sasa hutumia H.265, na grafiki ya prosesa za kizazi cha nne, kama yako, haina njia kamili ya kuifungua. Ndiyo maana picha inagandaganda ukiwa unakata. Hapa kadi inalipa kweli: T600 au T1000 hufungua H.265 na kuisimba pia. Lakini kama bado una RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka, anza na RAM ya GB 16 na SSD, diski isiyozunguka. Harusi zetu, kuanzia hina hadi kupamba, zina mafaili mengi, na diski ya zamani haiwezi kuyafuata.

Jambo la mwisho, na naomba ulishike. Ukipeleka mashine kwa fundi, toa diski ya kazi ubaki nayo. Picha za wanawake waliofunguka wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni amana yako.

Mwanangu anataka GTX 1050 Ti. Nimeona moja mtandaoni, mpya, nusu ya bei ya nyingine, na ina tundu la VGA linalolingana na monita yetu. (Mama wa Maweni, Malindi)

Mama, tundu hilo la VGA ndilo linaloifichua. Kizazi cha GTX 10 hakitoi mawimbi ya VGA. Karibu hakika hiyo ni kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, iliyoandikwa jina jipya kwenye programu yake ya ndani, na Windows italisoma jina hilo la uongo bila kushuku. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua kadi za namna hii na kuandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji aiwashe mbele yenu. Akisita, ondokeni.

Wakikugeuzia GT 1030 badala yake, soma boksi: ziko mbili kwa jina moja. Yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha GB 48 za data kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki 17.

Nimeweka kadi, feni inazunguka, skrini nyeusi. (Msomaji wa Mpeketoni)

Waya wa monita umeuchomeka wapi? Uhamishe kutoka madabodi hadi kwenye kadi. Ikibaki nyeusi, rudisha kama zamani, sasisha BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, ujaribu tena. Monita ya VGA inataka adapta yenye saketi ya kugeuza mawimbi, si kiunganishi kitupu.

Nakaa Shela, karibu na bahari. Chumvi haitaiua kadi? (Mzee wa Shela, Lamu)

Shikamoo mzee. Itaiua ukiiacha. Chumvi hunyonya unyevu, na unyevu hula chuma na risasi ya kuunganishia. Iondoe mashine kwenye dirisha linaloelekea baharini, hasa kusi likivuma, na usiiweke sakafuni kwenye mchanga. Kila baada ya miezi michache chomoa stima, fungua, pangusa kwa brashi laini, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Meno ya kadi yafute kwa spiriti ya isopropili, si maji wala manukato. Iwashe mara kwa mara, kwani joto lake huikausha. Kitambaa cha kuifunika kinafaa ikiwa imezimwa na kupoa. Ikiwa inafanya kazi, kiondoe.